Joto katika Ufundi wa Shanga za Polima: Uchambuzi wa Darasa la Nyali

Darasa la jamii linalofundisha utengenezaji wa shanga na hereni katika eneo la Nyali, Mombasa, lina kielelezo cha karibu, kwani Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kando ya barabara ya Mombasa–Malindi na kuendeshwa na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, APDK, zimejijengea jina kwa mapambo yanayotengenezwa na mafundi wenye ulemavu. Kielelezo cha pili ni Kazuri, kiwanda kilichoanzishwa na Susan Wood huko Karen, Nairobi, mwaka 1975, ambacho hufinyanga shanga za udongo wa kawaida, huzichoma katika tanuri, huzipaka rangi inayogeuka kuwa ngozi ya kioo motoni, kisha huzichoma tena. Darasa dogo haliwezi kumudu tanuri ya namna hiyo, na ndiyo sababu udongo wa polima, unaoiva katika oveni ya nyumbani, unalifaa zaidi.

Udongo huo, kwa hakika, si udongo. Ni chembe ndogo sana za PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, zilizochanganywa na rangi pamoja na kilainisho, yaani kimiminika kizito kinachoziwezesha chembe hizo kufinyangika. Haukauki kwa upepo, bali huiva pale joto linapozifanya chembe zifyonze kilainisho na kushikamana, na kwa hiyo mabaki ya somo la leo hukandwa tena wiki ijayo mradi yamefunikwa yasiingie vumbi. Kwa kuwa kilainisho hulainisha pia baadhi ya plastiki, meza hufunikwa kwa kigae au kioo, si kwa kitambaa cha plastiki.

Ugumu wa Pwani huanza kabla ya oveni kuwashwa. Mchana wa Februari au Machi, joto la Mombasa linapopita nyuzi 30 za Selsiasi, udongo hulegea mikononi, na anayeumia zaidi ni mwanafunzi anayejenga mche, yaani gogo lenye rangi zilizopangwa ndani yake hivi kwamba kila kipande kinachokatwa, kama mche wa sabuni unavyokatwa dukani, hutoka na ua lilelile usoni. Mche hubanwa kuanzia katikati kuelekea ncha zote mbili ili ua lipungue ukubwa bila kupinda; lakini ukikatwa ungali na joto la mikono, wembe huburuta rangi na ua huvurugika. Dawa yake ni kuupumzisha kwenye jokofu kwa dakika 15 hivi, kisha kuukata kwa wembe mwembamba huku ukizungushwa kidogo baada ya kila mkato ili usibonyee upande mmoja.

Uokaji ndio unaostahili somo zima. Aina nyingi huiva karibu na nyuzi 130 kwa nusu saa kwa kila milimita 6 za unene, ingawa maelekezo ya pakiti ndiyo ya kufuatwa. Kirungu cha kuwekea joto la oveni hakiaminiki, hivyo kipimajoto huwekwa ndani na oveni hujaribiwa tupu kabla ya shanga yoyote kuingia. Mbinu ya kuoka keki kwa kupalia makaa juu na chini ya sufuria, ambayo akina mama wa Pwani wanaimudu vyema, haifai hapa, kwa sababu joto lake hupanda ghafla, na PVC ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayochoma macho na koo. Joto pungufu nalo lina hasara yake: ushanga huonekana mzima ilhali chembe za ndani hazijashikamana, nao huvunjika mara ya kwanza unapoanguka sakafuni.

Baada ya kupoa, shanga husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 1000, zikiwa majini ili vumbi lisivutwe puani. Hatua hii hufanyika ukiwa umeketi, na ushanga ukishikizwa kwenye msumari uliokazwa mezani, mkono mmoja hutosha. Hivyo mpangaji wa darasa anayezingatia mfano wa Bombolulu atapanga meza kabla ya kupanga rangi. Kulabu za hereni ziwe za chuma cha pua, kwa kuwa jasho na chumvi ya bahari hula haraka madini yaliyopakwa rangi ya dhahabu.