Desturi za Waswahili na Jicho la Mgeni

Methali yasema: ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa ni wasia wa kuiga: mgeni na atende watendavyo wenyeji, mambo yake yatamnyookea. Fasiri hiyo ni pungufu. Afungaye jicho hutoa kitu chake ili apate kukaa na watu, na kutoa ni kuzito kuliko kuiga. Tofauti hiyo, baina ya mgeni azijuaye desturi na mgeni akubaliye kufungwa nazo, yafaa kuwa kipimo cha kukisoma upya kitabu cha Desturi za Waswahili.

Kitabu hiki kilichapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika Afrika ya Mashariki kabla ya kuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo hicho walikuwamo watu walioandaliwa kwenda kutumikia utawala wa makoloni. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ilimrudishia Mtoro jina lake katika anwani ya kitabu.

Kwa upande wa maudhui, kitabu chamfuata mwanadamu tangu mimba hadi kaburi: uzazi, chuo cha Kurani, jando na unyago, ndoa, ngoma, maradhi na pepo, utumwa, sheria na mauti. Ubora wake mkubwa hauko katika wingi wa mambo hayo, bali katika mahali aliposimama mwandishi. Mswahili hana haja ya kumweleza Mswahili mwenziwe maana ya fungate. Ili aiandike, Mtoro alilazimika kujitenga na mazoea yake, akajiuliza ni lipi asilolijua msomaji, kisha akaeleza bila kuionea haya jamii yake na bila kumdharau aulizaye. Huo ndio ujuzi wa kufanya kazi kati ya tamaduni mbili, na katika chuo kile yamkini yeye aliuhitaji zaidi kuliko wanafunzi wake.

Ujuzi huo una mipaka, na mhakiki hana budi kuionyesha. Jicho litazamalo katika kitabu hiki ni la mwungwana wa Mrima, mwanamume na Mwislamu. Mtumwa hutajwa zaidi kuliko anavyosikika. Mambo ya unyago, ambayo ni siri ya wanawake, yamepita katika kalamu za wanaume. Msomaji akidhani kwamba hapa amewapata Waswahili wote, wa Lamu na wa Kilwa, matajiri na maskini, atakuwa amepotoka. Desturi za watu ni jambo ambalo wenyewe hubishana juu yake. Mwenye orodha ya desturi huelekea kusahau ubishi huo, akadhani utamaduni husema kwa sauti moja.

Kasoro nzito zaidi, hata hivyo, haimo ndani ya kitabu. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walisafiri pamoja kwenda Afrika ya Mashariki ili wakaishi huko. Wenye mamlaka wa koloni waliwazuia, nao wakarejea Ujerumani. Mtoro alifundisha baadaye huko Hamburg, na akafariki Berlin mwaka 1927. Dola iliyompa kazi ya kufundisha lugha na desturi za kwao ilimnyima njia ya kwenda kwao pamoja na mkewe. Sura ya ndoa ilikuwa imekwisha chapishwa, lakini haikumfunga yeyote kuiheshimu ndoa ya aliyeiandika.

Yaweza kupingwa kwamba mwandishi hana hatia ya matumizi ya kitabu chake. Ni kweli, na lawama hapa haimhusu Mtoro. Yahusu namna ya kusoma na kufundisha inayofanya desturi kuwa maarifa ya kukusanywa tu. Mathalan, mwanafunzi mgeni hufundishwa upesi kwamba Mswahili hubisha hodi. Ni nadra kufundishwa kwamba hodi ni haki ya mwenye nyumba: ikibishwa mara tatu bila jibu, mgeni huondoka bila kinyongo. Ajuaye neno bila kuikubali haki hiyo ataitamka hodi huku mkono wake umekwisha sukuma mlango.

Kwa hiyo Desturi za Waswahili chastahili kubaki katika masomo ya Kiswahili, kikisomwa pamoja na maisha ya mwandishi wake. Mwalimu amfundishaye mgeni lugha hii amtahini kwa maswali mawili: anajua nini juu ya watu hawa, na amekubali kuwajibika kwao katika lipi? Swali la kwanza Berlin ya mwaka 1903 iliweza kulijibu vizuri.