Nyumba za Pate Katika Al-Inkishafi

Msomaji, watu wengi hudhani kwamba kuhakiki ni kutafuta makosa. Sivyo. Kuhakiki ni kupima, na apimaye kwa haki hutia katika mizani uzuri na upungufu kwa mkono mmoja. Leo nakuomba tupime pamoja utenzi ambao wajuzi wa lugha yetu huuweka katika safu ya kwanza, nao ni Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mtungaji huyu alikuwa sharifu wa pwani ya Lamu, na hukadiriwa kuwa aliishi baina ya mwaka 1720 na mwaka 1820. William Hichens aliuchapisha utenzi huo London mwaka 1939, na tangu hapo umesomwa mbali sana na kisiwa kilichouzaa.

Kisiwa hicho ni Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Sisi tulio hapa Olenguruone, juu ya milima ya Mau, kwenye ukungu, viazi na majani ya chai, huona kisiwa hicho kama nchi ya ng'ambo. Hata lugha ya utenzi ni ngeni kidogo masikioni mwetu, kwa kuwa ni ya lahaja za kaskazini: nchi huitwa nti, njia huitwa ndia, na macho huitwa mato. Usikate tamaa kwa ugeni huo. Soma kwa sauti, polepole, na baada ya beti kumi sikio litazoea.

Kwanza tutazame umbo lake. Utenzi una beti zaidi ya sabini, kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani kumi na moja. Mistari mitatu ya kwanza hufuatana kwa kina kimoja, na mstari wa nne hurejea kwenye kina kile kile kinachofunga beti zote. Matokeo yake ni kama mawimbi ya pwani: matatu huja, la nne huvunjika mahali pale pale. Jambo hili lafaa sana kwa maudhui, kwa maana mtungaji atuambia kwamba kila fahari, iwe ya namna gani, mwisho wake ni mmoja.

Sasa tuje kwenye maudhui yenyewe. Mtungaji hausemezi umma. Ausemeza moyo wake mwenyewe. Auonya kwamba dunia ni hadaa, na baada ya mifano kadhaa auonyesha ushahidi ulio karibu nao, yaani majumba ya mabwana wa Pate. Yalikuwa yaking'aa kwa taa za kioo na za shaba. Sasa ni tupu. Vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za thamani vimekuwa viota vya makinda ya ndege. Popo wananing'inia darini, bundi analia ndani, na katika kumbi walimozungumza wakubwa husikika mende na nyenje.

Hapa ndipo penye ubora wa utenzi huu, nami nasema bila kusita kwamba beti hizi zashinda zile za mwisho zinazoeleza adhabu za Jahanamu. Sababu ni nini? Moto wa akhera hatujauona, basi mtungaji hulazimika kututisha kwa majina na sifa zake. Lakini kidaka chenye kiota twakiona. Hakuna haja ya kutuambia tuhuzunike. Sahani haipo, ndege yupo, na huzuni huja yenyewe. Wewe uandikaye insha shuleni, jifunze hapo. Kitu kimoja kilichotazamwa vizuri hufanya kazi kuliko maneno makali kumi.

Hata hivyo mizani ina upande wa pili. Utenzi watuambia kwamba nyumba za Pate zilianguka, lakini hautuambii hasa zilianguka kwa nini. Jibu lake ni kwamba ndiyo desturi ya dunia. Historia ina majibu mengine. Wafalme wa Kinabahani waligombania kiti miaka mingi. Bandari ya mji wa Pate ilikuwa na maji haba. Kisha, karibu na mwaka 1812, Pate ikishirikiana na Mazrui wa Mombasa ilipeleka majeshi kuipiga Lamu, ikashindwa vibaya huko Shela. Na Lamu ikatafuta ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Haya si mapenzi ya dunia hadaa peke yake. Ni maamuzi ya watu, na watu wangaliweza kuamua vingine.

Tena, tazama ni nani aliye ndani ya utenzi. Mabwana wamo, makadhi wamo, masharifu wamo, na askari waliowazunguka wakubwa wametajwa kama pambo la ukuu. Mvuvi, mwashi, mkulima na mtumwa aliyebeba mawe ya nyumba hizo hawakupewa nafasi. Kwa hiyo msomaji wa mbali hufunga kitabu akidhani kwamba nyumba za wakubwa zilipoanguka, Pate ilikufa.

Pate haikufa. Mwaka 1845 watu wa Siyu, katika kisiwa hicho hicho, walilishinda jeshi la Sayyid Said. Siyu hiyo ilisifika kwa kunakili misahafu, kushona viatu vya ngozi na kuchonga milango. Hata leo Faza, Kizingitini na Mbwajumwali ni vijiji vyenye watu, na katikati ya magofu ya mji wa Pate wakulima hupanda tumbaku. Maisha yao si mepesi. Safari ya chombo hungoja maji kujaa, na kijana atafutaye masomo ya juu au kazi ya mshahara hana budi kuvuka bahari. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021 upande wa bara, yaleta tumaini na hofu pamoja. Wavuvi waliona maeneo yao ya uvuvi yakiguswa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia. Watu wanaodai haki yao mahakamani si magofu.

Huenda ukauliza: yatuhusu nini sisi wa milimani? Yatuhusu sana. Hapa Olenguruone serikali ya kikoloni iliweka makazi ya jamaa za Wakikuyu mwaka 1941, kisha ikabishana nao juu ya masharti ya ardhi, na kufikia mwaka 1950 ilikuwa imewaondoa kwa nguvu, wengi wakapelekwa Yatta. Mwaka 1992, katika machafuko ya siasa, jamaa nyingi zilikimbia tena nyumba zao. Mtu akiziona kuta zisizo na paa, akasema tu kwamba dunia ndivyo ilivyo, atakuwa amesema neno la kweli, na wakati huo huo atakuwa amewasamehe waliotenda kabla hajawajua.

Nitasemaje basi kumtetea Sayyid Abdalla? Nitasema kwamba hakuandika tarikhi. Aliandika mawaidha, na mawaidha yake aliyaanzia moyoni mwake, jambo ambalo wahubiri wengi hulikwepa. Upungufu niliouonyesha huwa hatari pale tu sisi wasomaji tunapougeuza utenzi kuwa ushahidi wote wa kisiwa kizima. Hukumu yangu, kwa hiyo, ni hii: Al-Inkishafi ni kioo safi cha moyo wa mtu, na ni dirisha dogo la kutazamia nchi.

Ewe mwanafunzi, usome utenzi huu, na beti za magofu uzihifadhi kwa moyo. Ukisha, uliza maswali mawili ambayo haukuyajibu: nani aliiangusha nyumba hii, na nani angali akiishi kando yake? Utenzi wakufundisha kutojivunia nyumba yako. Maswali hayo yatakufundisha kuilinda ya jirani.