Thamani ya Jeni ni ya Nani? Uhakiki wa Kitabu cha Richard Dawkins

Tangu kilipotolewa mwaka 1976, kitabu cha Richard Dawkins kiitwacho The Selfish Gene kimesomwa na wanafunzi wengi, na hoja yake imewafikia hata wasiokisoma. Anadai kwamba kinachochaguliwa katika mageuko ya viumbe si kundi wala kiumbe, bali ni jeni, na kwamba jeni ifanikiwayo hutenda kana kwamba inajali nakala zake tu. Makada wenzetu wengi huipinga hoja hii kwa kuwa hawalipendi neno "ubinafsi". Huo si uhakiki. Neno lisilopendeza laweza kubeba hoja ya kweli.

Kwanza tumtendee haki mwandishi. Hakusema kwamba jeni hufanya kazi peke yake. Yeye mwenyewe amezifananisha jeni na wapiga makasia wa mashua moja, ambao hakuna ashindaye bila wenzake. Lakini akishakiri hivyo hukimbilia wastani: mpiga kasia hodari, akibadilishiwa wenzake mara nyingi, ataonekana zaidi katika mashua zinazoshinda. Hapa ndipo tunapoachana naye. Uhodari huo ni wake, au ni wa mashua aliyomo?

Jibu limepatikana katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya seli mundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Alfa-thalasemia, hitilafu nyingine ya damu, nayo hukinga dhidi ya malaria kali. Kwa hesabu ya kujumlisha, mtoto mwenye zote mbili angekingwa maradufu. Mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Kilifi, Kenya, na mambo yalikuwa kinyume. Watoto waliorithi seli mundu kwa mzazi mmoja, na alfa-thalasemia kwa wazazi wote wawili, waliugua malaria karibu sawa na wasio na kinga yoyote. Kinga mbili zilipokutana zilifutana.

Kwa mtoto aliyerithi seli mundu kwa wazazi wote wawili, yaani mgonjwa, alfa-thalasemia hiyo hiyo hupunguza kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu na hatari ya kiharusi. Basi ni jeni nzuri au mbaya? Hatuwezi kujibu mpaka tujue imekaa na nani. Dawkins atatuambia tuchukue wastani. Sawa, lakini wastani huo hupanda na kushuka kadiri seli mundu inavyozidi au kupungua miongoni mwa watu hao. Si mali ya jeni, ni mali ya uhusiano. Watafiti wa Kilifi waliona kwamba huenda ndiyo sababu alfa-thalasemia haijaenea kwa watu wote katika jamii yoyote ya Afrika kusini mwa Sahara.

Kuna ndugu watakaorukia kusema kwamba maumbile yenyewe, basi, ni ya kijamaa. Ni kosa lile lile lililovishwa nguo nyingine. Kule Kilifi jeni hazikushirikiana, zilikwamishana! Tukumbuke Urusi ya Kisovieti, ambako Agosti 1948 Lysenko, akiungwa mkono na Stalin, aliipiga marufuku elimu ya jeni kwa jina la itikadi. Nikolai Vavilov alikuwa amekwisha kufa gerezani mwaka 1943. Na Ernst Mayr alipoibeza hesabu ya jeni mojamoja kuwa ni ya mfuko wa maharage, aliyeitetea mwaka 1964 alikuwa J.B.S. Haldane, mtu aliyepata kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Alikuwa na haki: asiyehesabu kila kinga peke yake hatajua kwamba zimefutana.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya seli mundu ambayo haiigusi jeni ya seli mundu yenyewe. Hupunguza nguvu ya jeni nyingine, BCL11A, inayoizima himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Himoglobini hiyo ikirudi, ugonjwa hutulia. Elimu ya uhusiano wa jeni imezaa dawa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na wagonjwa wengi wa seli mundu duniani wako Afrika.