Bwana Msa na Jicho la Mkaguzi

Katika miaka ya 1950 watu wa mjini Unguja walipenda sana sinema. Jumba la Majestic la Vuga lilipoungua mwaka 1954 halikuachwa gofu, bali lilijengwa upya. Lakini visa vilivyoonyeshwa humo vilitoka Bombay, Misri na Marekani. Aliyewatungia Waunguja kisa chao wenyewe cha mauaji na upelelezi alikuwa mtu wa kalamu, Muhammed Said Abdulla.

Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliingia kazi ya ukaguzi wa afya, akaifanya kwa miaka kumi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Na tangu 1958 mpaka 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957-58, ikachapwa kitabu mwaka 1960.

Wako wasemao kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Kweli, kiko anacho, sahibu wa kufuatana naye, Najum, anaye, na Inspekta Seif yupo tayari kupotea njia. Deni hilo halikanushiki. Lakini yafaa tuulize: mwenye kuazima sufuria, je, amepika chakula gani?

Conan Doyle alikuwa daktari, na jicho la Holmes alilipata kwa mwalimu wake wa udaktari, Joseph Bell wa Edinburgh. Abdulla naye alikuwa na shule yake. Mkaguzi wa afya hupiga hodi katika nyumba za watu, hutazama kisima na karo, huuliza maswali kwa adabu ili asifichwe jambo. Mimi naona kwamba huko ndiko atokako Bwana Msa. Hatishi mtu, wala hana amri ya serikali mkononi. Hukaa, huzungumza, husikiliza, na mwenye siri hujifunua kwa ulimi wake mwenyewe.

Ndipo tunapoona uzito wa Mzimu wa Watu wa Kale. Bwana Ali anakutwa ameuawa penye mzimu, mahali ambapo kwa desturi ya kisiwa huogopwa na hupelekewa sadaka. Hofu ingetosha kulifunga jambo hilo. Bwana Msa analifungua kwa akili, pasipo kuwadhihaki wenye kuamini. Kisima cha Giningi, kilichochapwa mwaka 1968, nacho kimechukua jina la mji wa wachawi katika masimulizi ya Unguja na Pemba.

Hata hivyo haifai kumsifu mtu tukaficha kasoro zake. Mapinduzi ya mwaka 1964 yaligeuza maisha ya Unguja juu chini, lakini riwaya zake zilizofuata ziliendelea kukaa katika ulimwengu wa mabwana na mashamba yao. Jicho lililoona unyayo mchangani halikutaka kutazama nyumba nzima ilivyobomoka.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Mwanafunzi anayemsoma leo asitosheke kutafuta aliyeua. Na atazame jinsi swali linavyoulizwa, kwa Kiswahili cha barazani, mpaka uwongo ukachoka wenyewe.