Pakiti Ilifika, Jibu Likapotea

Dalili zilikuwa hivi. Kompyuta ya uhasibu, anwani 10.20.20.15, ilipiga pingi kwenda 10.20.30.1 ikajibiwa papo hapo. Ikapiga kwenda 10.20.30.10, ilipo seva ya mfumo wa malipo, kimya. Anwani hizo mbili ziko subneti moja, na zote zinafikiwa kupitia swichi ileile. Aliyeanza kazi hii juzi atasema swichi ni mbovu na kuomba nyingine. Aliyeizoea atauliza kwanza: seva inapotaka kujibu, jibu lake inamkabidhi nani?

Taasisi yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema makao yake yako Kayanga, wilayani Karagwe, kituo chake cha pili kiko Nkwenda, wilayani Kyerwa, na kati yao kuna kiungo cha redio kinachovuka vilima. Mtandao wao ulikuwa umegawanywa tangu zamani: VLAN 20 uhasibu, 30 seva, 40 kamera na printa, 50 Nkwenda. Kazi ya kupitisha pakiti kutoka VLAN moja kwenda nyingine ilifanywa na ruta ndogo iliyoning'inia kwenye kebo moja. Kila pakiti ilipanda kebo hiyo na kushuka humohumo, na mwisho wa mwezi, malipo yakiandaliwa, foleni ilikuwa ndefu. Ndipo ikanunuliwa swichi ya tabaka la tatu, ambayo huifanya kazi hiyo ndani ya chipu zake. Ruta ya zamani iling'olewa. Mtoa huduma wa intaneti akaleta yake, ikaunganishwa na swichi kupitia VLAN 10.

Kwa wasiozoea mambo haya: Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, barabara ya Omurushaka kwenda Murongo haikuhama, wala wananchi hawakuhama. Kilichobadilika ni kwamba jambo la Kyerwa likawa na ofisi yake. VLAN ni hivyohivyo: kebo ni zilezile, lakini tangazo linalotolewa VLAN 20 halisikiki VLAN 30. Kiwango kinachotumika, IEEE 802.1Q kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, kinaipachika fremu alama ya baiti 4, na biti 12 kati ya hizo ndizo zinazobeba namba ya VLAN. Ndiyo maana namba zinazotumika zinaishia 4094. Ukitaka kuvuka kutoka VLAN moja kwenda nyingine, lazima upite kwa kitu kinachoelewa anwani za IP. Hapa kitu hicho ni swichi, ambayo ina anwani moja kwenye kila VLAN, zote zikiishia na .1, isipokuwa VLAN 10 ambako ruta ndiyo .1 na swichi ni .2.

Tulianza na yaliyo mepesi, kwa sababu mepesi hayana gharama. Swichi nyingi za Cisco za aina hii hutoka kiwandani zikiwa hazipitishi chochote kati ya VLAN mpaka uandike amri ip routing. Hapa ilikuwa imeandikwa. Amri ya show ip route ikaonyesha subneti zote tano zikiwa na herufi C, maana yake zimeunganishwa moja kwa moja. Kwa VLAN zilizo kwenye swichi yenyewe hakuna njia ya kuandika kwa mkono: kiolesura cha VLAN kikiwa hai, swichi tayari inajua pa kupeleka. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mafundi wakijaza njia za kudumu kwenda subneti ambazo swichi inazijua tangu ilipowashwa, kisha wakapotea katika maandishi yao wenyewe.

Kipimo kilichofuata ndicho kilichofungua kesi. Ndani ya swichi tulipiga pingi kwenda 10.20.30.10. Seva ikajibu, mara tano kati ya tano. Kwa wengi huo ungekuwa ushahidi kwamba seva haina neno na tatizo liko kwenye kompyuta ya uhasibu. Lakini swichi isipoambiwa vinginevyo, hutumia anwani ya kiolesura inakotokea pakiti kuwa anwani ya mtumaji. Kwa hiyo pingi ile ilitoka na jina la 10.20.30.1, jirani wa seva katika subneti moja. Seva ikimjibu jirani haihitaji lango la kutokea, inamwita moja kwa moja kwa anwani yake ya maunzi. Tukarudia, safari hii tukiiambia swichi itumie anwani ya VLAN 20: ping 10.20.30.10 source vlan 20. Kimya. Hakuna jibu hata moja.

Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni moja tu, nayo ni kwamba katika cha pili seva ilipaswa kumjibu mtu wa subneti nyingine. Mike Muuss aliyeandika programu ya pingi Desemba 1983, katika maabara ya jeshi la Marekani, alichukua wazo kutoka sona za manowari: unatuma mlio, unangoja mwangwi. Mwangwi usiporudi, hujui kama mlio haukufika au ulifika na mwangwi ndio uliokwama. Kipimo chenye chanzo ndicho kinachotenganisha mambo hayo mawili, na ni ajabu jinsi kinavyosahauliwa.

Tukafungua mipangilio ya seva. Anwani sahihi, maski sahihi, na lango la kutokea: 10.20.30.254. Hiyo ilikuwa anwani ya ruta ndogo ya zamani, ile ambayo wakati huo ilikuwa stoo ndani ya boksi. Seva ilikuwa inapokea kila ombi kutoka uhasibu, inaandaa jibu, inauliza nani mwenye 10.20.30.254, hakuna anayeitika, jibu linatupwa. Kompyuta za wafanyakazi hazikupata shida hiyo kwa kuwa hupewa anwani na lango kiotomatiki, kwa DHCP, na siku swichi ilipowekwa zilipewa lango jipya zilipowashwa asubuhi. Kilichobaki nyuma ni kila kifaa ambacho anwani yake iliandikwa kwa mkono: seva, printa mbili, kamera za geti. Ukihamisha lango la mtandao, orodha ya vifaa vya aina hiyo ndiyo kazi yenyewe. Swichi ni sehemu ndogo.

Tulibadilisha lango la seva likawa 10.20.30.1, uhasibu ukafunguka. "Fundi, sasa mbona ile kompyuta ya mkuu bado haijibu?" akauliza dada wa uhasibu, ambaye tayari alikuwa amejifunza kupiga pingi na kuanza kuikagua ofisi nzima. Hilo halikuwa tatizo. Faiawoli ya Windows kwa mpangilio wake wa kawaida haijibu pingi inayotoka subneti nyingine. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi zake vizuri, imenyamaza tu. Fundi asiyejua hili anaweza kumaliza siku akisaka kosa ambalo halipo.

Likafuata la intaneti, ambalo ni lilelile likiwa limevaa nguo nyingine. Swichi yenyewe ilifika nje, uhasibu haukufika. Swichi ilikuwa na njia ya jumla kwenda 10.20.10.1, yaani ruta, kwa hiyo pakiti za uhasibu zilifika kwa ruta bila shida. Ila ruta iliijua subneti moja tu ya ndani, ile ya VLAN 10. Ikipata kitu cha kumrudishia 10.20.20.15, ilitazama jedwali lake, haikuona subneti hiyo, ikafuata njia yake ya jumla na kukirusha kwa mtoa huduma. Anwani zinazoanza na 10 ni za matumizi ya ndani kwa mujibu wa waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996, na huko nje hakuna anayezipokea. Aliyeifunga ruta aliandikiwa mstari mmoja: subneti zote za 10.20.0.0/16 zirudishwe kwa 10.20.10.2. NAT nayo ikapanuliwa izibadilishe anwani zote hizo, maana ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya VLAN 10 pekee.

Mstari huo mmoja ni mzuri kwa sababu ni mfupi. Ni hatari kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya hapo lilizuka lalamiko ambalo halikufanana na mengine. Umeme ukikatika Kayanga, intaneti ilikuwa nzito, ingawa swichi, ruta na seva zote zilikuwa kwenye UPS. Umeme ukikatika Nkwenda, intaneti ya Kayanga haikuguswa. Kukatika kwa umeme si habari mpya Kagera, mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme ulioingia kutoka Uganda kupitia Kyaka, lakini swali hapa lilikuwa kwa nini upande mmoja uumize na mwingine usiumize.

Jibu lilikuwa kwenye mnara wa redio. Redio ya upande wa Kayanga hupata umeme kupitia kebo yake ya mtandao, kutoka kwenye kisanduku kidogo kilichochomekwa ukutani, nje ya UPS. Umeme ukienda, redio inazimika na porti ya swichi inayoelekea huko inalala. Porti hiyo ndiyo pekee iliyobeba VLAN 50. Kiolesura cha VLAN kwenye swichi kina sharti: VLAN iwepo, na iwe na angalau porti moja iliyo hai na isiyozuiwa. Porti ya mwisho ikilala, kiolesura nacho kinalala, na mstari wa 10.20.50.0 unafutika kwenye jedwali la njia. Umeme ukikatika Nkwenda, kwa upande mwingine, redio ya Kayanga inabaki hai, porti inabaki hai, mstari unabaki. Swichi inaita vifaa vya Nkwenda, haviitiki, pakiti zinatupwa. Basi.

Sasa tazama kinachotokea mstari unapofutika. Kinasa picha kilichoko Kayanga kinaendelea kuzitafuta kamera za Nkwenda. Swichi haina tena habari ya 10.20.50.0, kwa hiyo inafuata njia ya jumla na kuitupa pakiti kwa ruta. Ruta inatazama mstari wake mzuri mfupi: kila cha 10.20 kirudi kwa swichi. Inakirudisha. Swichi inakituma tena kwa ruta. Pakiti hiyo inazunguka kati ya vifaa viwili vilivyo rafu moja mpaka TTL yake, yaani hesabu ya miruko iliyoruhusiwa, iishe. Iliyotoka kwenye Linux huanza na 64, iliyotoka kwenye Windows huanza na 128, na kila mruko hupunguza moja. Pakiti moja ndogo inageuka kuwa mzigo wa pakiti makumi kwenye kebo ambayo intaneti ya ofisi nzima inapita, na ruta ya bei nafuu inalemewa.

Amri ya tracert, inayoorodhesha kila mruko wa pakiti, ililionyesha hilo waziwazi. Mruko wa kwanza 10.20.20.1, wa pili 10.20.10.1, wa tatu 10.20.10.2, kisha 10.20.10.1, kisha 10.20.10.2, hivyohivyo hadi mruko wa 30 ambapo Windows huacha kuhesabu. Ukiona anwani mbili zinapokezana namna hiyo, usiguse kitu kingine: vifaa viwili vinarushiana kazi.

Dawa yake ni mstari mwingine mmoja, kwenye swichi: 10.20.0.0/16 iende Null0, kiolesura bandia kinachotupa chochote kinachoingia. Wengine huogopa kwamba mstari huo utaua mtandao wote. Hautaua, kwa sababu njia yenye maski ndefu ndiyo inayoshinda. VLAN 20 ikiwa hai, 10.20.20.0/24 inatangulia mbele ya /16. Null0 hupokea tu kile ambacho hakina mwenyewe kwa wakati huo. Kisanduku cha redio nacho kikahamishiwa kwenye UPS, jambo ambalo halikuhitaji amri yoyote na lingepaswa kufanywa siku ya kwanza.

Hukumu yangu ni kwamba swichi haikuwa na kosa hata moja kati ya yote haya. Ilipitisha kila ilichopaswa kupitisha tangu ilipowashwa. Makosa yote matatu yalikuwa kwa wale wanaoizunguka: seva iliyoshika lango la zamani, ruta isiyojua pa kurudisha, na mstari mfupi wa ruta ulioachwa bila mpaka. Zahanati, shule, halmashauri na vyama vya ushirika vya Karagwe na Kyerwa vinavyonunua swichi za aina hii sasa, msikubali kusaini hati ya kukabidhiwa kazi kwa kuonyeshwa taa za kijani. Mwambieni mkandarasi akae mbele yenu, apige pingi yenye chanzo kutoka kila VLAN kwenda kila VLAN, awape orodha ya vifaa vyenye anwani za kuandikwa kwa mkono pamoja na lango la kila kimoja, kisha azime redio ya mnara kwa dakika chache na apige tracert kwenda upande wa pili. Akikataa, msilipe awamu ya mwisho.