Mkwara na Hesabu Chini ya Mwembe

Kijiwe chetu Kilakala kiko chini ya mwembe. Asubuhi ukiinua macho unaiona milima ya Uluguru yote. Jioni mawingu yakishuka huoni kitu. Hapo ndipo baba mdogo aliponifundisha karata, na hapo ndipo nilipokisoma, kwenye simu, kitabu cha Maria Konnikova, The Biggest Bluff, kilichotoka mwaka 2020. Nitakisifu, kwa sababu kinastahili. Lakini kuna ukurasa mmoja ninaukosa ndani yake, na sababu ya kuukosa iko nyumbani kwetu.

Konnikova ni mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Columbia. Alipitia mwaka mbaya: aliugua, bibi yake akafariki, mama yake na mumewe wakapoteza kazi. Akataka kujua katika maisha ya mtu bahati ni kiasi gani na ujuzi ni kiasi gani. Akaingia kwenye poka bila kuujua mchezo, akamwomba Erik Seidel, bingwa wa siku nyingi, amfundishe. Januari 2018 akashinda shindano huko Bahamas na kuondoka na zaidi ya dola 84,000.

Swali linalokibeba kitabu ni la zamani: mezani anatawala nani, anayesoma watu au anayepiga hesabu? Hesabu ina hoja nzito. Mezani kuna 3,000, unatakiwa kutia 1,000 ili ubaki. Ukiona una nafasi zaidi ya moja kati ya nne, tia. Chini ya hapo, tupa karata zako. Mwaka 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000 ya poka. Haikumtazama mtu usoni hata mara moja, na mikwara ilipiga.

Konnikova haipuuzi hoja hiyo, wala hadai kwamba saikolojia ni uganga wa kusoma nyuso. Anamleta Michael Slepian, ambaye utafiti wake wa 2013 ulionyesha kwamba watu walioonyeshwa mikono tu ya wachezaji walikisia ubora wa karata vizuri kuliko walioonyeshwa nyuso. Uso tumeshaufundisha uongo. Mkono bado mshamba. Na sehemu iliyonigusa zaidi ni pale anapojisoma mwenyewe, akagundua kwamba anaachia fedha zake mezani kwa sababu, kama mwanamke, amezoea kutotaka kuwaudhi watu.

Haya yote baba mdogo aliyajua bila kitabu. Sisi tunacheza wahedi wa sitini. Ree ina pointi 11, saba 10, mizungu ni 4, 3 na 2. Kila aina, iwe kopa, uru, shupaza au pao, ina pointi 30, kwa hiyo pakiti nzima ina 120. Ukifika 61 umeshinda, na ndiyo maana ya jina lenyewe. Baba mdogo alikumbuka kila ree iliyokwisha kutoka na kila turufu iliyobaki. "Usihesabu za kwako tu, mwanangu," alikuwa akiniambia, "hesabu za mwenzio." Papo hapo alikuwa akimtazama mwenzake anavyozipanga karata mkononi. Kwake hesabu na saikolojia zilikuwa kazi moja. Na aliyefungwa alinunua soda, basi.

Kisha ikaja mikeka. Siku moja aliniletea mkeka wa mechi 10 aliotaka kuuwekea fedha za mabati. "Wewe msomi wa hesabu, nitazamie huu." Nikaangalia timu moja moja. Kila moja ilikuwa na nafasi nzuri, tuseme asilimia 60. Nikamwambia, "Uko vizuri, baba." Sikuzidisha. Asilimia 60 ikizidishwa mara 10 inabaki nafasi kama 6 kati ya 1,000. Nilijua namna ya kuzidisha. Nilichokosa ni ujasiri wa kumkatalia mtu mzima aliyefurahi. Ugonjwa ni uleule wa Konnikova, ila mabati hayakuwa yangu.

Ukurasa ninaoukosa ni huu. Kuna hesabu inayotangulia hesabu zote za mezani, nayo ni ya mfuko. Mtu mwenye 20,000 akicheza 1,000 kila mara dhidi ya mfuko usio na mwisho, hata mchezo ungekuwa wa haki kabisa, kichwa au mwenge, akiendelea bila kuacha mwisho wake ni kufilisika. Hakuna utulivu wa moyo unaobadilisha jambo hilo. Konnikova anajua kulinda mtaji, na anakiri bahati mara nyingi. Lakini alikuwa na mwalimu bingwa, kitabu cha kuandika, na mahali pa kurudi akishindwa. Somo lake la kujitawala ni la kweli kwa mtu anayeweza kushindwa leo na kurudi kesho. Anapolifikisha kwenye maisha ya kila mtu, ndipo ninaposita. Mwenye mfuko mdogo hujitawala zaidi kwa kutokaa mezani.

Na baba mdogo alihama meza iliyokuwa na watu. Chini ya mwembe ujuzi wake wote ulikuwa na kazi. Kwenye mkeka hakukuwa na mkono wa kutazama.

Nilipomaliza kitabu nilimweleza habari za mikono na nyuso, akacheka. Nikamweleza na hesabu ya 6 kati ya 1,000. Hakucheka. Alizichanganya karata, akagawa, akafunua turufu. Ilikuwa kopa.

"Mbona siku ile hukuniambia?" akauliza.

Nikaziangalia karata zangu kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Yeye aliitazama mikono yangu.