Ardhi Iliyo Chini ya Ukoka

Viwanja vya gofu vyenye majina makubwa huuzwa kwa picha. Picha hupigwa alfajiri, jua likiwa chini, vivuli vya miti vimelala juu ya majani na bwawa halina hata wimbi. Anayeitazama huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba hiki ndicho kiwanja bora. Picha hiyo haisemi chochote kuhusu mambo mawili yanayokifanya kiwanja kiwe bora: maji ya mvua yanakwenda wapi, na mchezaji dhaifu ameachiwa njia ngapi za kufika shimoni. Hoja yangu ni kwamba kukihukumu kiwanja cha gofu, hasa kile cha kisasa kilichojengwa bara katikati ya miti na mabwawa, ni ufundi wa kuisoma ardhi na maji yake kwanza, na uzuri unafuata nyuma. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Tena ni ufundi ambao Dar es Salaam, na hususan upande huu wa Msimbazi, inauhitaji kuliko inavyodhaniwa.

Pale St Andrews, Uskoti, ardhi yenyewe ilishafanya nusu ya kazi. Mchanga uliosukumwa na bahari na upepo hunywa mvua papo hapo, na majani yanayoota juu yake hayarefuki sana. Mjenzi wa kiwanja cha bara hana bahati hiyo. Mara nyingi hupewa udongo mzito unaoshika maji, naye hulazimika kutengeneza kwa mikono kile ambacho bahari ilimtengenezea mwenzake. Sehemu kubwa ya kazi yake imo chini ya grini, ile sehemu ya majani yaliyokatwa hadi milimita chache ambamo huchimbwa shimo lenye upana wa milimita 108. Tangu mwaka 1960 Chama cha Gofu cha Marekani kimekuwa kikitoa maelekezo ya ujenzi wake: chini kabisa mabomba, juu yake kokoto za unene wa sentimita 10, na juu ya kokoto sentimita 30 za mchanga uliochanganywa, ambamo mizizi huishi. Uhodari wa mpangilio huu ni kwamba maji hayashuki kokotoni mara moja. Hushikwa na mchanga mpaka mchanga ushindwe kuyabeba, ndipo yanapoporomoka na kutoka. Hivyo mizizi hupata cha kunywa wakati wa kiangazi, na mvua ya masika haigeuzi grini kuwa dimbwi. Mgeni hawezi kuyaona haya kwa macho, lakini anaweza kuyajua.

Anayeijua kazi huja siku ya pili baada ya mvua kubwa. Hukanyaga kwa kisigino sehemu za chini, akaangalia kama alama ya kiatu inajaa maji. Hukagua kile kidonda ambacho mpira huacha unapotua kutoka juu: kwenye grini nzima ni kibonde kidogo chenye ukingo safi, kinachozibwa kwa kijiti na kusahauliwa, kwenye grini iliyochoka ni tope lililochanika. Huangalia pia rangi. Ukoka uliokolea kijani kupita wenzake, katika mstari mmoja mrefu, huonyesha maji yanayopita chini bila kupata pa kutokea. Utando mweusi juu ya udongo huonyesha unyevu usiopata jua. Na kama mtunza kiwanja atakubali kukata kipande kidogo cha ardhi kwa kisu, hukumu inakaribia kukamilika. Mizizi mirefu iliyojisokota kwenye mchanga mkavu ni habari njema. Utepe mweusi unaonuka yai viza ni ushahidi kwamba hewa haifiki huko chini, na hakuna rangi ya kijani juu yake itakayoubatilisha.

Ukoka wenyewe unastahili kusemewa zaidi, kwa sababu ni jani letu. Ndio unaoota penye ufa wa saruji na pembezoni mwa barabara bila kupandwa na mtu. Jamii hiyohiyo ya majani, aina ya kawaida ikichanganywa na ndugu yake mwembamba kutoka Afrika Kusini, ndiyo iliyowapa watafiti wa Tifton, Georgia, aina chotara zilizotandazwa kwenye viwanja vya nchi nyingi za joto. Ukoka huvumilia jua, ukame, kukanyagwa na kukatwa chini sana. Usichovumilia ni kivuli. Hapo ndipo kiwanja cha miti kinapojigonga chenyewe: miti mikubwa inayosifiwa kwenye picha ndiyo inayoyaua majani yanayochezewa. Mkaguzi mzuri huitazama miti kama shahidi anayeweza kusema uongo. Huuliza ipo upande gani wa grini, inazuia jua la asubuhi kwa saa ngapi, mizizi yake inakunywa maji ya nani. Mti uliowekwa mahali pake hugawa njia, hupima ujasiri wa mchezaji na humpa kedi, yaani mbeba mikoba, pa kujikinga na jua. Mti uliowekwa ili kupendeza tu hugharimu majani mwaka hadi mwaka.

Sasa niingie kwenye jambo la pili, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Alister MacKenzie, daktari wa Kiingereza aliyeacha tiba akawa mchoraji wa viwanja, aliandika mwaka 1920 kitabu kidogo kilichoorodhesha kanuni 13 za kazi hiyo. Ndani yake alisisitiza kwamba kiwanja kizuri kimfurahishe mchezaji wa kawaida, hata akipata mikwaju mingi, huku kikiendelea kumsumbua aliye hodari. Alipochora Augusta National ya Marekani pamoja na mchezaji bingwa Bobby Jones, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1933 na ambacho leo ndicho mfano wa viwanja vyote vya aina hii, aliweka banka 22 tu, yaani yale mashimo ya mchanga yanayomtega mchezaji. Mashimo 18 ya kuchezea, mitego 22. Viwanja vingi vya kisasa vina mitego mara nne ya hiyo, kana kwamba mchanga mweupe ni pambo. MacKenzie alitegemea mwinuko na mteremko wa ardhi yenyewe: anayepiga kulia anaweza kufika kirahisi, lakini pigo la pili litamkuta kwenye pembe mbaya, anayethubutu kushoto akifaulu atalipwa kwa kuiona grini wazi. Uchaguzi huo ndio mchezo wenyewe. Mahali ambapo hakuna uchaguzi, mchezaji anatekeleza amri tu.

Na uchaguzi huacha ushahidi unaosomeka. Kila fimbo ya chuma inapopiga mpira kwenye njia iliyokatwa majani, hung'oa kipande cha ukoka na kuacha kovu la ukubwa wa kiganja. Tembea kwenye njia hiyo jioni ya siku ya mashindano ukayahesabu makovu. Yakijikusanya yote mahali pamoja, kana kwamba watu wote walipanga foleni kupigia hapo, jua mchoraji hakuwaachia hiari. Yakitawanyika, machache mbali upande wa kushoto karibu na banka, mengi katikati, mengine nyuma kabisa walikotua wazee na wanaojifunza, basi shimo hilo liliongea na kila mtu kwa kadiri ya nguvu zake. Sijui kipimo chochote kilicho aminifu kuliko hiki, na hakihitaji chombo wala ada.

Wapo watakaosema vipimo vipo, na vya kitaalamu. Ni kweli. Mwaka 1935 Edward Stimpson, baada ya kuona mipira ikiteleza mno kwenye grini za kiwanja cha Oakmont, Marekani, alibuni mfereji mfupi wa kuachia mpira ili kupima kasi ya grini, na hadi leo watunza viwanja wanautumia. Upo pia mfumo wa kukadiria ugumu, unaoanzia 55 hadi 155, wenye 113 kuwa wastani, ambao hulinganisha adha ya mchezaji wa kawaida na ya mchezaji hodari. Magazeti nayo, Golf Digest likiwa la zamani, yamekuwa yakipanga orodha tangu mwaka 1966. Sina ugomvi na namba hizo. Ila zinapima kasi, na zinapima ugumu, na kitu kigumu si lazima kiwe kizuri: ukichimba mashimo barabarani utaongeza ugumu wa kuendesha gari. Urefu ndio unaodanganya zaidi. Muthaiga, ambako Mhispania Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, na Karen, iliyoandaa mashindano hayohayo mwaka 2021, vipo Nairobi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, ambako hewa nyepesi huuruhusu mpira kwenda mbali zaidi kuliko hapa Dar es Salaam usawa wa bahari. Yadi zilezile kwenye kadi za viwanja viwili ni safari mbili tofauti.

Hoja ya jina la mchoraji nayo ina uzito wake. David Jones wa Ireland ya Kaskazini aliishinda Kenya Open mwaka 1989, kisha akachora Vipingo Ridge kule Kilifi na kiwanja cha Kili Golf karibu na Usa River. Mtu aliyeshindana kwenye ardhi ya Afrika Mashariki ana haki ya kuaminiwa zaidi ya mchoraji anayetuma ramani kutoka mbali. Lakini hata jina lake ni tarajio tu mpaka ardhi iseme, kwani Kilifi ni pwani ya mashamba ya mkonge, na Usa River iko miguuni mwa Mlima Meru, kwenye udongo uliotokana na volkano. Mchoraji ni mmoja, maswali ni mawili. Mnunuzi wa kitenge Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, haishii kwenye nembo ya pindo. Hukigeuza kitambaa aone kama rangi imepenya hadi mgongoni. Kiwanja nacho kigeuzwe.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka mitaani kwetu. Kariakoo ina haja gani na gofu? Kiwanja cha mashimo 18 huchukua hekta 50, 60 au zaidi, hunywa maji mengi, na kwa kawaida kimezungushiwa uzio. Historia ya mji huu inalipa pingamizi hilo nguvu. Watawala wa kikoloni waliugawa mji kwa rangi, wakaacha eneo la wazi la Mnazi Mmoja likiitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Maeneo ya kijani hapa yalitumika kuwatenganisha watu, na kiwanja cha Gymkhana, karibu na bahari, kilikuwa cha watawala. Hilo siwezi kulipunguza, wala sitaki. Ninachosema ni kwamba ardhi kubwa namna hiyo, ikiwa katikati ya mji, inawahusu hata wasioshika fimbo: mvua inayoanguka ndani ya uzio inatoka nje ya uzio. Kiwanja kinachokunywa masika yake chenyewe kinamwondolea jirani adha. Kinachoisukuma kwenye mtaro wa barabara kinamwongezea. Kwa hiyo kuhukumu ubora wake ni haki ya jirani kama ilivyo haki ya mwanachama.

Isitoshe, macho ya kuisoma ardhi hayakuwa ya matajiri hata siku moja. Anayejua kwamba grini ya shimo fulani inavuta mpira kuelekea bondeni hata pale jicho linapokataa, ni kedi. Anayejua bomba gani limeziba ni mkata nyasi aliyefika saa kumi na moja alfajiri. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania walianza kwa kubeba mikoba, na ndiyo maana wanapiga kwa akili: waliisoma ardhi miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuichezea. Pale Lugalo, kwenye kiwanja cha Jeshi la Wananchi, kama ilivyo Gymkhana, habari za mashindano humtaja mshindi, mikwaju yake na mdhamini. Mtu aliyeandaa grini hatajwi. Hilo ni kosa la kihabari linalorekebishika kwa mstari mmoja.

Na kazi ya watunza viwanja haiishii kwenye gofu. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unatandaa Jangwani kabla ya kuingia baharini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 katika mji huu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, na sehemu ya mpango ni kuligeuza bonde la chini kuwa bustani kubwa ya mji: miti, majani, njia za miguu, ardhi iliyochongwa kupokea maji na kuyaachia polepole. Kwa umbo na kwa matatizo yake, hiyo ni ndugu wa kiwanja cha kisasa cha miti, ila haina uzio wala hendikapu, ile namba ya kiwango cha mchezaji. Itapigwa picha nzuri siku ya kukabidhiwa, bila shaka mwezi wa kiangazi. Wanaoikagua waende Aprili, siku ya pili baada ya mvua, wakanyage kwa kisigino, wafuate mistari ya ukoka uliokolea, waangalie nyayo za watu zimetawanyika au zimebanwa kwenye kijia kimoja kwa sababu kwingine hakupitiki. Na kwenye kamati ya ukaguzi, pamoja na wahandisi, aketi mtunza kiwanja mmoja wa Gymkhana au Lugalo na mkazi mmoja wa Kigogo, wenye kura sawa na wengine.